Timu imeshinda, bado ina pengo: imlete mfunga kazi, mrushaji wa kuanza au wapigaji?

Chukua mechi ya Julai ambayo kila shabiki wa besiboli ameshaiona. Timu yako inaongoza 5-1 hadi ngwe ya 6, kati ya vipindi 9 vya mechi. Mrushaji aliyeanza anachoka, anatolewa, warushaji wa akiba wanaingia mmoja baada ya mwingine, na uongozi unaliwa kidogo kidogo: 5-2, 5-3, 5-4. Ngwe ya 9 wapinzani wana watu wawili kwenye besi, mpira unapaa, mlinzi wa nje anarudi nyuma, anarudi, anaudaka mgongo ukigusa ukuta. Mmeshinda. Wachezaji hawajamaliza kupeana mikono, mabishano yameanza: tumeshinda, sawa, lakini kikosi hiki kinamhitaji nani?

Kwetu mabishano haya yana pande tatu. Shemeji yangu anataka mfunga kazi, yaani yule mrushaji anayeingizwa ngwe ya mwisho, anayerusha mpira wa moto na kuwazima wapigaji watatu mkalale. Jirani yetu, mzee aliyeishi Houston miaka mingi kabla ya kurudi Dar es Salaam, haoni dawa nyingine ila mrushaji wa kuanza, mtu wa kukupa ngwe 6 au 7 kila anapopanda kilimani, pale anaposimama mrushaji. Mimi kwa muda mrefu nilikuwa upande wa wapigaji: funga mikimbio 8, yaani pointi 8, uone kama kuna mtu atakumbuka nani alirusha ngwe ya 9.

Hatuna haja ya kubishana hewani. Kati ya 2016 na 2021 klabu tatu za Marekani zilipita njia hizi, kila moja na yake, na zote zikatwaa ubingwa. Chicago Cubs walimleta mfunga kazi mwaka 2016. Houston Astros walimleta mrushaji wa kuanza mwaka 2017. Atlanta Braves walikusanya wapigaji mwaka 2021. Kwa kuwa wote walishinda, cha kupima ni pengo walilokuwa nalo, bei waliyolipa, na kilichobaki mkononi kombe lilipokwisha kupita mitaani.

Dirisha dogo la kule si kama la kwetu

Aliyezoea usajili wa Simba na Yanga inabidi abadilishe mawazo kidogo. Katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani, klabu haiendi na fuko la fedha kumnunua mchezaji wa klabu nyingine. Inatoa wachezaji ili ipewe mchezaji, na mara nyingi sarafu yenyewe ni chipukizi: vijana wa miaka 18, 19, 20 ambao bado wako timu za chini. Mchezaji mwingi haulizwi. Anaamka asubuhi yuko Miami, jioni ni wa Atlanta. Wachache tu, wenye kipengele cha kukataa kuhamishwa au waliokaa ligini na klabuni miaka ya kutosha, wana haki ya kusema hapana.

Mwisho wa dirisha kwa kawaida huwa tarehe 31 Julai au siku za jirani. Hadi 2018 kulikuwa na mlango wa pili wa Agosti, mwembamba zaidi. Kuanzia 2019 mlango huo ulifungwa. Jambo moja halikubadilika: mchezaji lazima awe ndani ya klabu hadi tarehe 31 Agosti ndipo aruhusiwe kucheza mtoano wa Oktoba. Mechi za msimu ni 162, lakini hesabu ya Julai inapigwa kwa ajili ya Oktoba, na Oktoba ni mchezo tofauti. Siku za mapumziko ni nyingi, kwa hiyo timu iliyotumia warushaji watano wa kuanza msimu mzima inaweza kupita na watatu au wanne. Mrushaji mmoja mkubwa anapanda thamani ghafla.

Cubs 2016: mfunga kazi kwa bei ya kijana wa miaka 19

Tarehe 25 Julai 2016, Cubs walikuwa juu ya kundi lao na walikuwa na karibu kila kitu: warushaji wazuri wa kuanza, wapigaji vijana, walinzi hodari. Msimu ule walimaliza na ushindi mara 103. Lakini hawakuwa wametwaa ubingwa tangu 1908, na uongozi wa klabu ukaona mwaka huo si wa kusubiri. Wakamchukua Aroldis Chapman kutoka New York Yankees. Chapman ndiye Mkyuba aliyewahi kurusha mpira kwa karibu kilomita 169 kwa saa, kasi ambayo wakati huo hakuna aliyewahi kupimwa nayo ligini.

Walitoa wachezaji wanne. Mmoja wao alikuwa Gleyber Torres, kijana wa Venezuela mwenye miaka 19, chipukizi wao namba moja. Mkataba wa Chapman ulikuwa unaisha mwaka uleule. Kwa maneno mengine, Cubs walitoa miaka sita au saba ya mchezaji ili wapate miezi mitatu ya mtu anayecheza ngwe moja kwa siku.

Kuna jambo lingine ambalo shabiki mwenye moyo hawezi kuliruka. Chapman aliuanza msimu huo akitumikia adhabu ya mechi 30 chini ya sera ya ligi kuhusu ukatili wa nyumbani. Wako mashabiki wa Chicago walioumia kumpigia makofi, na ninawaelewa. Pengo kwenye kikosi ni jambo la hesabu, lakini jina unalolivaa mgongoni kwenye jezi ni jambo la mtu na nafsi yake, na kila shabiki ana haki ya kulipima mwenyewe kabla ya kusema “mleteni”.

Uwanjani, msimu wa kawaida ulikwenda kama ilivyotarajiwa. Mechi 28, wastani wa mikimbio 1.01 kwa kila ngwe 9. Kisha ikaja World Series, fainali ya ubingwa ya mechi hadi saba, dhidi ya Cleveland, Cubs wakajikuta nyuma 3-1, na hapo ndipo somo lilipo. Mechi ya 5, kocha Joe Maddon alimwingiza Chapman ngwe ya 7 na kumwomba awatoe wapigaji 8. Akawatoa, wakashinda 3-2. Mechi ya 6 alimwingiza tena ngwe ya 7, ingawa Cubs walikuwa wanaongoza 7-2. Mechi ya 7 alipopanda kilimani kwenye ngwe ya 8, uongozi ukiwa 6-3 na mmoja tu amebaki kutolewa ngwe hiyo, mkono ulikuwa umechoka na kila mtu aliuona. Brandon Guyer wa Cleveland akapiga, 6-4. Mwenzake Rajai Davis akapiga homurani, mpira unaovuka ukuta, chini chini upande wa kushoto. 6-6.

Nilitazama mechi ile hapa Dar. Ilianza kama saa 9 usiku kwa saa zetu, na mpira ule ulipovuka ukuta jua lilikuwa limeshatoka. Sikuamini kwamba wamemtoa Torres kwa ajili ya dakika ile.

Mvua ikasimamisha mechi dakika 17. Ngwe ya 10 Ben Zobrist akapiga, Miguel Montero akaongeza, Cubs wakaongoza 8-6, na mechi ikaisha 8-7. Sasa sikiliza aliyemtoa mpigaji wa mwisho. Alikuwa Mike Montgomery, mrushaji aliyeletwa kutoka Seattle siku chache kabla ya Chapman, kwa bei ndogo, bila vichwa vya habari. Klabu hiyo hiyo, Julai hiyo hiyo, ilileta wawili wa kusaidia mwisho wa mechi: mmoja kwa dhahabu na mmoja kwa chenji, na mpira wa mwisho ukawa wa mwenye chenji.

Bei ikaendelea kulipwa. Desemba 2016 Chapman alirudi Yankees kwa mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 86, na Yankees wakawa na wote wawili, yeye na Torres. Mwaka 2018 na 2019 Torres aliitwa kwenye mechi ya nyota wa ligi. Mwaka 2019 alipiga homurani 38. Ukimuuliza shabiki wa Cubs kama angerudisha kombe ili amrudishe Torres, atakuona hujitambui. Na yuko sahihi. Ila Cubs walikuwa na Addison Russell na Javier Báez kwenye nafasi ya Torres. Walitoa walichokuwa nacho cha ziada. Timu isiyo na ziada ikiiga biashara ile itakuwa imeuza mlango ili inunue kufuli.

Astros 2017: dakika za mwisho za Agosti

Julai 2017 Astros walikuwa wanashinda sana, na dirisha lilipofungwa hawakuleta karibu chochote. Dallas Keuchel, mrushaji wao mkubwa, alisema hadharani kwamba amesikitishwa. Kisha mwisho wa Agosti kimbunga Harvey kikaifunika Houston kwa mafuriko. Usiku wa tarehe 31 Agosti, ule mlango wa pili ukiwa unafungwa, klabu ikakubaliana na Detroit kumchukua Justin Verlander. Verlander alikuwa Detroit tangu 2005, na alikuwa na haki ya kukataa. Alikubali dakika za mwisho kabisa.

Jirani yetu mzee alikuwa Houston wakati ule. Anasema watu walikuwa bado wanatoa magodoro yaliyoloa nje ya nyumba habari ilipofika. Ndiyo maana ukibishana naye kuhusu mrushaji wa kuanza inabidi ubishane kwa adabu.

Lakini hata ukiacha hisia, hesabu zinambeba. Verlander alianza mechi tano za msimu wa kawaida akashinda zote tano, wastani 1.06. Fainali ya American League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, dhidi ya Yankees, mechi ya 2, alirusha ngwe zote 9, akawaondoa wapigaji 13 kwa mapigo matatu (strikeout), Astros wakashinda 2-1. Mechi ya 6, timu ikiwa ukingoni kutolewa, alirusha ngwe 7 bila kuruhusu mkimbio hata mmoja. Akawa mchezaji bora wa fainali ile. Siku ya kwanza warushaji wa akiba wa Astros, ambao wakati huo hawakuaminika hata kidogo, walikaa wakitazama; siku ya pili waliachiwa ngwe 2 tu.

Hapo ndipo nilipoanza kuhama upande wangu. Timu ya Houston ilikuwa na ugonjwa uleule wa mechi yetu ya 5-4: mwisho wa mechi ulikuwa unavuja. Haikuleta mfunga kazi. Ilileta mtu wa kuufupisha mwisho wenyewe. Mrushaji wa kuanza akifika ngwe ya 8, waliobaki ni wapigaji wachache tu. Na kwa kuwa kundi la waanzishaji lilinenepa, waanzishaji wengine walitumika kumalizia: Lance McCullers alifunga mechi ya 7 dhidi ya Yankees kwa ngwe 4, na Charlie Morton akafunga mechi ya 7 ya World Series dhidi ya Dodgers kwa ngwe 4 pia. Mrushaji wa kuanza anaweza kufanya kazi ya mfunga kazi. Kinyume chake hakiwezekani.

Bei ilikuwa chipukizi watatu. Franklin Perez, aliyehesabiwa kuwa bora kati yao, aliandamwa na majeraha. Jake Rogers ndiye aliyekaa, akawa mdakaji wa Detroit, yaani anayedaka mipira ya mrushaji. Houston kwa upande wao hawakupata miezi miwili tu, kwa sababu mkataba wa Verlander ulikuwa na miaka mbele. Alitwaa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi, mwaka 2019, akafanyiwa upasuaji wa kiwiko, akarudi, akaitwaa tena mwaka 2022 akiwa na miaka 39 na wastani wa 1.75, na mwaka huo wakatwaa ubingwa wa pili.

Siwezi kulipita doa. Uchunguzi wa ligi uliotolewa Januari 2020 ulithibitisha kwamba Astros wa 2017 walikuwa wakiiba kwa kamera ishara ambazo mdakaji humpa mrushaji na kumjulisha mpigaji kwa kugonga pipa la taka. Klabu ilitozwa dola milioni 5, meneja mkuu na kocha wakafungiwa mwaka mmoja kisha wakafukuzwa. Wizi ule ulikuwa wa upande wa kupiga, haukumsaidia Verlander kurusha, lakini kombe ni la timu nzima na kwa wengi limebaki na madoa. Katika ulinganisho huu natumia kazi ya Verlander kama somo la usajili. Sitamwambia mtu aliheshimu kombe lile kama makombe mengine.

Braves 2021: wanne kwa bei ya chenji

Hii ndiyo niipendayo, na naomba nikae nayo kidogo.

Tarehe 10 Julai 2021, uwanjani Miami, Ronald Acuña Jr. aliruka kuudaka mpira ukutani akaanguka vibaya, akachana mshipa wa goti. Msimu umekwisha. Marcell Ozuna, mpigaji mwingine mkubwa, alikuwa ameshatoka kikosini tangu Mei. Uwanja wa nje wa Atlanta ulikuwa umebaki mtupu, na timu ilikuwa haijafanikiwa hata siku moja msimu ule kuwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Mtu yeyote mwenye akili za kawaida angesema uza uliobakiwa nao, jipange kwa mwaka ujao.

Alex Anthopoulos, anayeongoza klabu, alifanya kinyume. Siku tano baada ya jeraha la Acuña akamleta Joc Pederson kutoka Cubs. Siku ya kufunga dirisha, 30 Julai, akaleta watatu kwa mpigo: Jorge Soler kutoka Kansas City, Adam Duvall kutoka Miami, Eddie Rosario kutoka Cleveland. Hakuna hata mmoja aliyekuwa nyota wa kutikisa nchi wakati ule. Rosario alikuwa majeruhi. Waliotolewa wengi hawajulikani hata kwa mashabiki wa kweli, na kwa Rosario, Atlanta walimtoa Pablo Sandoval, mkongwe ambaye Cleveland walimwachia papo hapo.

Tazama kilichofuata. Duvall alimaliza msimu akiongoza National League, ile ligi ya pili, kwa mikimbio iliyofungwa kutokana na upigaji wake, 113, akihesabiwa Miami na Atlanta pamoja. Mtoano, Pederson aliingia kupiga badala ya mwingine dhidi ya Milwaukee akapiga homurani ya mikimbio mitatu, mechi ikaisha 3-0. Dhidi ya Dodgers walioshinda mechi 106, Rosario alipiga mipira 14 salama katika mechi sita, akiwa na wastani wa kupiga wa .560, na homurani yake ya mikimbio mitatu mechi ya 6 ndiyo iliyowatoa mabingwa watetezi. World Series dhidi ya Astros, Soler alifungua mechi ya 1 kwa homurani akiwa mpigaji wa kwanza kabisa, na tarehe 2 Novemba alipiga nyingine ya mikimbio mitatu iliyotoka nje ya uwanja wa Houston. Braves 7-0. Rosario mchezaji bora wa fainali ya ligi, Soler mchezaji bora wa World Series. Wote wawili waliletwa siku moja.

Timu iliyotwaa ubingwa ilikuwa na ushindi mara 88, pungufu kuliko timu nyingine yoyote iliyoingia mtoano mwaka ule.

Nilivyokuwa shabiki wa upande wa wapigaji, hii ndiyo iliyokuwa hoja yangu kuu. Lakini nimeitazama tena na tena, na nimeona nilikuwa nasahau nusu yake. Atlanta walikuwa tayari na warushaji. Max Fried alirusha ngwe 6 bila mkimbio kwenye mechi ya mwisho. Charlie Morton yuleyule alianza mechi ya 1 na kuendelea kurusha mguu ukiwa umevunjika. Warushaji wa akiba, Tyler Matzek akiwa mbele yao, walizima kila moto. Wapigaji wanne waliziba shimo lililokuwa wazi na pana. Hawakubeba timu isiyo na warushaji.

Pia njia hii ina sehemu ya bahati ambayo haina budi kusemwa. Wapigaji wanne wa wastani wakikusanywa, hujui nani kati yao atawaka Oktoba. Ndiyo maana wanne ni bora kuliko mmoja: mmoja akipoa, mwingine anashika. Klabu iliyomleta Rosario peke yake, akiwa bado majeruhi, ingeonekana imepotea njia.

Ukiziweka kando kwa kando

Kwa bei, Cubs walilipa ghali kuliko wote na Braves rahisi kuliko wote, na umbali kati yao ni mkubwa mno. Kwa muda, Astros ndio waliofaidi: Chapman alikaa miezi mitatu, Pederson na Soler wakaondoka baada ya kombe, Verlander akawa nguzo ya miaka. Kwa kazi yenyewe, fikiria idadi ya wapigaji. Mechi ya ngwe 9 inataka wapigaji 27 watolewe. Mfunga kazi akitumiwa kwa kawaida anashughulikia watatu. Mwanzishaji mzuri anashughulikia 18 hadi 21, ingawa ni mara moja tu kila siku tano au sita. Mpigaji yupo kila siku lakini anapanda kupiga mara nne tu.

Kwa hatari, mrushaji wa kuanza ndiye anayeogopesha zaidi, kwa sababu mkono mmoja ukiuma umepoteza kila kitu. Texas Rangers walijua hilo mwaka 2023. Walileta wawili, Max Scherzer mwenye jina na Jordan Montgomery asiye na kelele. Scherzer aliumia, akarudi, akatoka mapema kwenye mechi ya 3 ya World Series kwa maumivu ya mgongo. Montgomery akarusha Oktoba yote, na Texas wakatwaa ubingwa wao wa kwanza.

Na anayesema bila mfunga kazi wa bei mbaya huwezi, namkumbusha Washington Nationals 2019. Walianza msimu kwa ushindi 19 na vipigo 31, warushaji wao wa akiba wakiwa kilio cha mji mzima. Tarehe 31 Julai wakamleta Daniel Hudson kutoka Toronto kwa mchezaji mmoja ambaye hata jina lake halikutajwa sana. Oktoba 30, mechi ya 7 mjini Houston, Hudson ndiye aliyekuwa kilimani mpigaji wa mwisho alipotolewa. Ngwe za katikati walizijaza kwa kuwatumia waanzishaji wao wenyewe kama akiba.

Sasa timu yako

Rudi kwenye ule ushindi wa 5-4. Macho yote yako ngwe ya 9, kwa sababu ndiko roho zilikoruka. Mimi nakuomba utazame ngwe ya 6. Mwanzishaji alitoka lini, na alitoka kwa sababu gani? Ukirudi nyuma mechi 20 ukakuta waanzishaji wako wanaishia ngwe ya 5 mara kwa mara, basi warushaji wa akiba hawana ubovu wa asili, wamechoshwa. Ukiwaongezea mfunga kazi mmoja, yeye naye atachoka kufikia Oktoba. Huo ndio uchovu tuliouona kwa Chapman kule Cleveland, na ulitokea kwenye timu yenye waanzishaji wazuri. Hapo chagua njia ya Houston: mrushaji wa kuanza, na kama chipukizi ndio wa kutoa, mtafute mwenye angalau mwaka mmoja zaidi kwenye mkataba.

Kama waanzishaji wanafika ngwe ya 7 na bado mnapoteza uongozi, pengo la mwisho ni la kweli. Hata hivyo anza na akina Hudson na akina Mike Montgomery, wawili au watatu wa bei ndogo, kabla hujamtoa kijana wa miaka 19. Mfunga kazi mkubwa mlete ikiwa masharti mawili yametimia pamoja: kijana unayemtoa ana mwenzake bora kwenye nafasi ileile, na kikosi kimekamilika kila mahali pengine. Cubs walitimiza yote mawili. Sikumbuki timu nyingi za namna hiyo.

Njia ya Atlanta ifuate kama pengo limetokana na majeraha na warushaji wako wako salama. Usitafute mpigaji mmoja mkubwa kuziba nafasi tatu. Tafuta watatu, wanne, wenye nguvu ya homurani, waliosahaulika kwenye timu zilizokwisha kukata tamaa, na uwe tayari wawili kati yao wasikupe kitu.

Nikilazimishwa kuchagua moja bila kujua zaidi kuhusu timu, siku hizi namchagua mrushaji wa kuanza. Nilimwambia hivyo jirani yetu msimu uliopita, “Mzee, nimehamia kwako,” akacheka, akanimiminia chai.

Shemeji hakucheka. Yeye hunirudisha kila mara kwenye ngwe moja, na naiweka hapa kwa haki yake. Mechi ya 7, 2016. Chapman ameshapoteza uongozi wa ubingwa wa miaka 108, mkono umekwisha, uwanja mzima wa Cleveland unamzomea. Maddon anampandisha tena kilimani ngwe ya 9, matokeo 6-6, mkimbio mmoja tu unatosha kuwapa Cleveland kombe. Anakuja Santana, anatolewa. Anakuja Kipnis, anaondoshwa kwa mapigo matatu. Anakuja Lindor, anatolewa. Shemeji ananiuliza ni mrushaji gani mwingine kwenye kikosi kile ningemkabidhi wale watatu, na mpaka leo sijampa jina.